Barua ya wazi kwa wakubwa wa Nyanda za Juu Kusini: mlipeni anayefundisha kazini

Kwa Wakuu wa Mikoa na Makatibu Tawala wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Kwa Wakurugenzi wa Halmashauri. Kwa wenye viwanda, mashamba na karakana. Na kwa maafisa utumishi wenzangu.

YAH: FUNGU LA MAFUNZO KAZINI KATIKA BAJETI YA MWAKA WA FEDHA UJAO

Waheshimiwa, kamwene. Kwa wenzetu wa Rungwe na Kyela, mugonile.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Sitazunguka. Naomba sehemu ya fedha mnazotenga kwa mafunzo ya watumishi na wafanyakazi itoke kwenye kumbi za hoteli, iende kwa mtu ambaye hayumo kwenye jedwali lolote la bajeti: yule fundi, muuguzi, mwalimu au mwendesha mashine mzoefu anayewafundisha wenzake kila siku, bure, katikati ya kazi yake mwenyewe. Apewe saa za kufundishia, apewe posho, na jambo hilo liandikwe kwenye jalada lake. Ombi ni hilo tu. Mengine yote humu ni sababu.

Nimekalia dawati la utumishi serikalini, kisha kiwandani, kwa hiyo semina nazijua jikoni na sebuleni. Naijua barua ya uteuzi inayowaangukia watu walewale kila mwaka, mpaka ofisini wameshapewa jina, watu wa semina. Najua karatasi ya mahudhurio inavyosainiwa asubuhi na tena jioni, maana posho hufuata saini ya jioni. Naijua na chai ya saa nne, ambako mara nyingi ndiko mafunzo yenyewe hufanyika: mhasibu wa Makete anamuuliza mwenzake wa Mbarali jinsi anavyofunga hesabu za mwezi, na wakiwa bado na sambusa mkononi wanaelewana kuliko walivyoelewa slaidi zote za asubuhi.

Semina siidharau. Ulipokuja mfumo wa manunuzi wa NeST, ilibidi watu waitwe mahali pamoja waoneshwe, na sheria mpya inapotoka ni vilevile. Kinachonisumbua ni kwamba semina ndiyo tumeipa jina la mafunzo, halafu kule kufundishana kunakoendelea kila siku wodini na karakanani tumekuita majukumu ya kawaida. Chenye jina kina fungu. Kisicho na jina kinaendeshwa kwa hisani ya wazee.

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza mafunzo ya kazini yapimwe kwa ngazi nne: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, wanafanya nini tofauti wakirudi kazini, na kazi yenyewe imefaidika vipi. Fomu tunazogawa siku ya kufunga zinaishia ngazi ya kwanza. Mwezeshaji alieleweka? Ukumbi ulifaa? Chakula je? Kisha tunaandika taarifa, tunaambatisha picha ya pamoja na mgeni rasmi, funika kombe mwanaharamu apite. Miezi mitatu baadaye hakuna anayekwenda kwenye meza ya mshiriki kuangalia kilichobadilika. Anayejua ni msimamizi wake, na msimamizi hakuna aliyemuuliza.

Wenye viwanda nao wana kilio chao, ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi tunayoiita SDL. Tangu 2021 inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi, na mwaka 2023 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 4 ya mishahara hadi asilimia 3.5. Haikatwi kwa mfanyakazi, inatoka mfukoni mwa mwajiri. Mwenye kiwanda cha mbao anaipeleka TRA kila mwezi, halafu akitafuta mtu anayejua kunoa msumeno anazunguka mji mzima. Ana haki ya kunung'unika. Lakini naye namuuliza: ile nusu asilimia uliyoachiwa imekwenda wapi? Anayelipa mishahara ya shilingi milioni 20 kwa mwezi aliachiwa laki moja kila mwezi. Laki moja inatosha kumpa fundi mmoja posho ya kufundisha, na hakuna mtu serikalini aliyehitaji kuombwa kibali.

Nikae kidogo hapa Mafinga, kwa kuwa ndiko niliko na ndiko jambo hili linaonekana waziwazi.

Tuna Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, na tuna misitu ya watu binafsi kuanzia Mufindi hadi Njombe. Magogo yake mengi yamepita kwenye dingdong. Asiyeijua, dingdong ni mashine nyepesi ya kupasulia mbao, inahamishika, inafungwa hukohuko miti inakoangushwa. Inaajiri vijana wengi na bei yake inavumilika. Ubaya wake ni kwamba msumeno wake wa duara ni mnene, na kila ukipita unageuza sehemu ya gogo kuwa vumbi. Jumlisha na mabanzi yanayorundikwa pembeni, utakuta sehemu kubwa ya gogo haikufika kuwa ubao. Ndiyo maana wenye uwezo wanahamia kwenye msumeno wa mkanda, ambao njia yake ni nyembamba.

Sasa mashine mpya imefika, imefungwa, imezinduliwa. Mkanda usipokazwa sawasawa unayumba ndani ya gogo, na ubao unatoka mnene huku, mwembamba kule. Mnunuzi wa Dar anaukataa au anashusha bei. Yupo anayejua mkanda umekaza kwa kuugusa na kuusikiliza. Mara nyingi ni mtu wa makamo, darasa la saba, aliyeanza kwa kubeba mabanzi. Wote wanamwita fundi, vijana wanamwita mzee. Ujuzi wa kiwanda kizima uko kwenye mikono yake miwili, na siku akiugua, kiwanda nacho kinaugua.

Kwa nini hawafundishi wengine? Swali hili nimelisikia likijibiwa kwa dharau, kwamba wazee wana choyo, wanaficha ujuzi. Angalieni kwanza wanavyolipwa. Penye malipo ya kipande, mpasuaji anahesabiwa mbao. Akisimama dakika ishirini kumwonesha kijana jinsi ya kuligeuza gogo ili mkato wa kwanza uanzie upande unaofaa, dakika hizo zimetoka kwenye ugali wa watoto wake. Kijana akikata vibaya, ubao ulioharibika unahesabiwa kwa mzee. Na iko hofu isiyosemwa kikaoni: kijana akishajua, kesho kibarua ni cha nani? Kijana atakubali pesa ndogo zaidi, na mwenye kiwanda anajua hivyo. Mtu mwenye akili timamu, katika hali hiyo, anafanya kazi yake kimya. Kijana anajifunza kwa kuchungulia, na anachungulia vizuri tu mpaka siku atakapoweka kidole mahali ambapo hakikutakiwa kuwa.

Kwa maneno mengine, anayefundisha anatozwa faini. Tukishamtoza tunamlaumu kwa choyo.

Linganisheni na soko la Mwanjelwa, Mbeya. Pale sokoni, mzazi akimpeleka binti yake kwa fundi cherehani, kuna mapatano. Analipa ada, au binti anafanya kazi za fundi kwa muda fulani, au vyote viwili. Kufundisha kuna bei na kila mtu anaijua. Binti hakabidhiwi mkasi siku ya kwanza. Anaanza na vifungo, anakuja kwenye pindo, anaingia kwenye kuunganisha vipande, na kukata kunakuja mwisho. Kifungo kikikosewa kinafumuliwa. Mkasi ukikosea, kitambaa cha mteja kimekwenda.

Mpangilio huohuo ndio uliomshangaza mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Jean Lave, alipokaa na mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia, katika miaka ya 1970. Aliwaona wanagenzi wakianzia mwisho wa vazi, vifungo na pindo, wakirudi nyuma kidogo kidogo hadi kwenye kukata. Mwaka 1991, pamoja na Etienne Wenger, alitoa hoja kwamba mtu hujifunza kazi kwa kuingizwa polepole katika kundi la wanaoifanya, akianzia pembeni akielekea katikati. Leo makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani yanalipa washauri ghali kuanzisha jumuiya za namna hiyo maofisini. Msingi wa wazo hilo ni mafundi wa Afrika Magharibi wasiotofautiana sana na wa Mwanjelwa, nasi tunasubiri lirudi kwetu kwa Kiingereza, na mwezeshaji juu.

Hospitali zetu pia zina historia ya kujivunia, na naona wengi wenu mmeisahau.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilijikuta na viwanda vilivyojaa watu wasiowahi kugusa mashine, maana wazoefu wengi walikuwa jeshini. Kungoja vyuo vitoe mafundi kusingewezekana. Kati ya 1940 na 1945 wakaendesha mpango wa kuwafundisha wasimamizi wa zamu jinsi ya kufundisha. Kozi ilikuwa ya saa kumi, vipindi vitano vya saa mbilimbili, hatua nne: mwandae mtu, mwoneshe kazi huku ukieleza, mwache aifanye huku akieleza yeye, kisha mfuatilie mpaka asimame mwenyewe. Kwao, mfanyakazi akiwa hajajua, basi mwalimu ndiye hajafundisha. Zaidi ya watu milioni moja na nusu walipata vyeti vya mpango huo. Vita vilipokwisha ukapelekwa Japani, na ni mmoja wa mizizi ya kile Wajapani walichokiita kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma. Kaizen ikatoka viwandani ikaingia hospitalini. Sri Lanka wakaitumia katika hospitali ya akina mama ya Castle Street, Colombo, na watu wakawa wanakwenda kujifunza kwao. Mwaka 2007, kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, hospitali iliyochaguliwa kuijaribu hapa Tanzania ilikuwa Hospitali ya Rufaa Mbeya.

Siyo Muhimbili wala Bugando. Ni hapa kwetu.

Hatua ya kwanza ya kaizen hiyo ni S tano za kupanga mahali pa kazi, na wauguzi wa zamani wanazikumbuka kwa Kiswahili chake: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ondoa kisichotumika. Weka kila kitu mahali pake, kiwe na lebo. Safisha. Weka utaratibu mmoja unaofuatwa na wote. Usiuache. Anayetafuta mkasi wa kukatia kitovu usiku wa manane anajua dakika moja ya kupekua droo ina uzito gani. Kilichofanya utaratibu huo ushike ni vikundi vidogo vya wodi kwa wodi, watu wa humohumo wakioneshana, wakikaguana na kurekebishana. Baadaye Wizara ya Afya iliupeleka katika hospitali nyingine nchini. Hospitali za mikoa mingine zilijifunza jambo lililojaribiwa kwanza Mbeya.

Gumu katika zile tano ni la mwisho. Nimepita vituo ambako lebo bado zimebandikwa ukutani na droo chini yake zimevurugika, kwa sababu dada aliyekuwa akilisimamia jambo hilo amehamishwa, na barua yake ya uhamisho haikuuliza nani anabaki na anachokijua. Hakuwa na cheo cha kufundisha, wala saa zake, wala posho yake. Alikuwa na moyo tu, na moyo unahama na mwenyewe.

Hapo ndipo ninapokutana na maneno mapya yanayotufikia kila mwaka. Siyapingi. Mengine ni mazuri sana.

Chukueni mafunzo mafupi ya simu. Mchumaji wa parachichi aina ya Hass, Njombe au Rungwe, ana mambo machache ya lazima kuyajua. Hass haiivi ikiwa mtini, kwa hiyo kuichuma kwa kuitazama rangi ni kubahatisha; kinachoamua ni kipimo cha kiasi cha ukavu wa nyama yake. Likatwe kwa mkasi, libaki na kikonyo kifupi, lisivutwe. Lisianguke, maana jeraha usiloliona leo litaonekana likifika sokoni Ulaya. Haya hayahitaji siku tatu za ukumbi. Video ya dakika tatu, asubuhi kabla watu hawajaingia shambani, inatosha, irudiwe wiki inayofuata, na nyingine iwekwe baada ya wiki mbili. Tangu Mjerumani Hermann Ebbinghaus achapishe majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, inajulikana kwamba kinachosikika mara moja husahaulika upesi, na kinachorudiwa kwa vipindi hudumu. Semina ya siku tano mfululizo inakwenda kinyume kabisa na hilo.

Lakini nani arekodi hiyo video? Nzuri nilizoziona zilirekodiwa na msimamizi wa shamba kwa simu yake, kwa lugha yake, mkono wake ukionekana. Bando alinunua mwenyewe. Wachumaji wenye kitochi walichungulia kwenye simu za wenzao. Na video haiuoni mkono wa anayeitazama; lazima awepo mtu wa kusema, hapana mama, shika hivi.

Akili unde ni hivyohivyo. Najua vijana wa ofisini wanaiuliza ifafanue kanuni za hesabu kwenye kompyuta au iwaandikie rasimu ya barua, nami naitumia. Inasaidia. Tabia yake ni kuongea kwa uhakika uleule ikiwa imepatia na ikiwa imekosea, na anayeweza kutofautisha ni yule anayeijua kazi tayari. Kuna jambo lingine naliona haliongelewi vya kutosha. Kazi inazozichukua kwanza ni zile tulizokuwa tukiwapa wanaoanza: kuandika muhtasari wa kikao, kupanga orodha, kuandaa rasimu. Hivyo ndivyo vilikuwa vifungo na pindo vya ofisi zetu. Mashine ikishona vifungo vyote, kijana ataanzia wapi mpaka afike kwenye mkasi? Itabidi mkubwa wake akae naye kwa makusudi, amwoneshe sababu za rasimu kuandikwa hivi na si vile. Zamani alijifunza hilo kwa kurudishiwa karatasi yenye wino mwekundu. Kwa hiyo teknolojia hii, ninavyoiona mimi, itaongeza haja ya mwalimu wa kazini.

Kuhusu ile hesabu ya sabini, ishirini, kumi ambayo washauri wanapenda kuichora, kwamba asilimia 70 ya ujuzi hutoka kwenye kazi, 20 kwa watu na 10 kwenye kozi: ilianzia Marekani miaka ya 1980, kwa kuwauliza mameneja wakumbuke walivyojifunza. Namba zimenyooka mno kuwa za kweli. Msinijengee bajeti juu yake, hata kama inaelekea upande wangu.

Mfano wa Ujerumani una uzito zaidi. Wana sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1969, kijana akigawa muda wake kati ya shule na mwajiri, na hilo tumelisifia sana kwenye ziara za mafunzo. Tunachosahau kulisema tukirudi ni kwamba tangu 1972 wana kanuni inayomtaka anayefundisha kazini athibitishe kwa mtihani kwamba anajua kufundisha. Kuwa fundi hodari peke yake hakutoshi. Mwaka 2003 waliisimamisha wakitumaini waajiri wengi zaidi watachukua vijana. Mwaka 2009 wakairudisha. Nchi yenye viwanda vile ilijaribu kuishi bila kumjali mwalimu wa kazini, ikaghairi.

Sisi hatuanzii sifuri. Serikali, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, ina mpango wa uanagenzi. VETA inarasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia mtaani, wanapimwa na kupewa cheti. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inawasimamia wahandisi wahitimu chini ya wahandisi wazoefu tangu 2003. Walimu wana MEWAKA, mafunzo endelevu kazini, wakikutana shuleni kwao kujadili somo linalowasumbua badala ya kungoja kuitwa mkoani, na kwa maoni yangu hilo ni jambo bora kuliko mengi tuliyoyafanya kwa walimu. Ila nendeni shule ya Ileje au Ludewa yenye walimu wachache mkaulize vikao hivyo vinakaa saa ngapi na anayeviongoza amepunguziwa vipindi vingapi. Na wanafunzi wa vyuo wanaoletwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo? Wengine wanafagia karakana na kununua maandazi mpaka wiki ya kusainiwa kitabu. Fundi hana ugomvi nao. Hakuna aliyempa saa ya kukaa nao.

Sasa nawaambia ninachokitaka kwa undani, kwa sababu najua barua isiyo na utekelezaji inawekwa kwenye jalada.

Kwa halmashauri: watumishi wenu tayari wanajaza majukumu yao kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, na wasimamizi wanayapitisha. Muuguzi mzoefu aandike humo kwamba robo hii atawafundisha wauguzi wawili wapya kazi tatu zinazotajwa kwa majina, na mkuu wake akubali kuhesabu jambo hilo kama kazi. Hilo halihitaji waraka mpya. Saa mbili kila wiki, ndani ya saa za kazi, zisiguswe na kikao. Posho itoke kwenye fungu lilelile la mafunzo. Gharama ya kumpeleka mtu mmoja Dodoma kwa siku tano, na nauli, na malazi, itawalipa walimu wa kazini wa kituo kimoja kwa muda mrefu. Na mtumishi wa aina hiyo akihamishwa, mwezi wake wa mwisho uwe wa kumkabidhi mtu anachokijua, siyo kukabidhi funguo na vitabu tu.

Kwa wenye viwanda na mashamba: anayefundisha aondolewe kwenye malipo ya kipande kwa saa anazofundisha, alipwe wastani wake wa siku. Hasara ya mbao zinazoharibiwa na mwanafunzi iwe ya kiwanda. Apewe pia maandishi kwamba nafasi yake haitachukuliwa na aliyemfundisha kwa sababu ya bei. Bila hili la mwisho, mengine yote ni mapambo. Mtu hawezi kumfundisha anayekuja kumng'oa.

Kuna wanaosema posho ikianza kila mtu atajiita mwalimu. Ni kweli, nawajua watu wetu, na nawajua maafisa wenzangu. Basi posho igawanywe. Nusu ilipwe kazi ikianza, nusu ilipwe siku ambayo mwanafunzi ataifanya kazi ile peke yake mbele ya fundi mwingine asiyehusika. Mkanda umekazwa sawasawa au haukukazwa. Dripu imewekwa vizuri au haikuwekwa. Hapo hakuna taarifa ya kurasa ishirini, na picha ya pamoja haisaidii kitu.

Wengine wanasema ukimfundisha kijana anakimbilia Tunduma au Dar. Baadhi wanakimbia, ndiyo. Ila wengi niliowaandikia barua za kuacha kazi walikuwa vibarua wa mwaka wa nne wasio na mkataba, na kilichowaondoa sikukiona kwenye mafunzo.

Kwa VETA za kanda hii ninalo dogo. Mnapokuja kumpima mtu aliyejifunzia kazini, mwiteni na aliyemfundisha, mumpe naye kozi fupi ya kufundisha, ya saa kumi kama ile ya wenzetu wa wakati wa vita. Wengi wa hawa wazee hawajawahi kuingia darasani tangu walipomaliza la saba, na wakiitwa darasani kama walimu watakuja na suti.

Mwaka wa fedha unaanza Julai. Siombi mkoa mzima. Kila halmashauri ichague kituo kimoja cha afya na shule moja. Kila kiwanda kichague mashine moja. Mwezi mmoja baadaye ni Nane Nane, na pale Uwanja wa John Mwakangale mtagawa vikombe kwa mabanda bora na wakulima bora kama kila mwaka. Ongezeni zawadi moja kwa mtu aliyefundisha wenzake kazi, na jukwaani asimame pamoja na aliowafundisha, wakiwa na vifaa vyao, wafanye kazi ile mbele ya watu.

Nasubiri majibu yenu, hata ya kukataa, mradi yawe na sababu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Afisa utumishi,
Mafinga, Iringa.